Utangazaji wa mtandaoni mkoani Mwanza

Utangazaji wa mtandaoni ni urushaji wa sauti au video kwa njia ya intaneti, badala ya mawimbi ya redio yanayotoka kwenye mnara wa kituo. Kipindi kinaweza kurushwa mubashara, yaani wakati uleule kinapoendelea studioni, au kuhifadhiwa ili kila mtu akisikilize kwa muda wake.

Mwanza ni mji mkuu wa mkoa wenye jina hilohilo, kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Victoria nchini Tanzania. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 mkoa huo una wakazi karibu milioni 3.7. Ni miongoni mwa miji michache ya Tanzania nje ya Dar es Salaam ambayo imekuwa makao ya vyombo vya utangazaji vinavyosikika nchi nzima, vikiwemo Radio Free Africa na Star TV. Siku hizi vituo vya kanda hiyo, vikubwa kwa vidogo, hutumia mawimbi na intaneti kwa pamoja.

Makala hii inaeleza historia ya utangazaji huo, jinsi unavyofanya kazi, zana zinazotumiwa na watengenezaji wa tovuti na programu, pamoja na gharama na sheria zinazouhusu.

## Tofauti na utangazaji wa mawimbi

Mnara wa redio hutoa wimbi moja ambalo kila mwenye kipokezi ndani ya eneo lake hulipata. Akisikiliza mtu mmoja au wakisikiliza watu laki moja, umeme unaotumika mnarani ni uleule. Msikilizaji naye halipi chochote zaidi ya betri za redio yake.

Kwenye intaneti mambo huwa kinyume. Kila msikilizaji hufunguliwa njia yake mwenyewe kutoka kwenye seva, na kila mmoja hupelekewa nakala yake ya sauti. Wasikilizaji wakiongezeka mara kumi, data inayotoka kwenye seva huongezeka mara kumi, na gharama ya kituo hupanda vilevile. Msikilizaji pia hulipa, kwa sababu kila dakika anayosikiliza hukatwa kwenye bando lake.

Kwa upande mwingine, mawimbi yana mipaka ambayo intaneti haina. Mawimbi ya FM husafiri takribani kwa mstari ulionyooka, hivyo milima na umbali huyazuia. Mawimbi ya masafa ya kati, ambayo Radio Free Africa iliwahi kuyatumia kwenye 1377 kHz, hufika mbali zaidi, hasa usiku, lakini nayo hufifia. Redio iliyo mtandaoni husikika popote penye intaneti: mwanafunzi wa Mwanza anayesoma Uturuki na dereva wa Mwanza aliyeko Muscat wanaweza kufuata kipindi kilekile kwa ubora uleule.

Kutokana na tofauti hizo, uchaguzi wa kiufundi katika utangazaji wa mtandaoni huathiri pia nani ataweza kusikiliza. Kituo kinachochagua ubora wa juu kupita kiasi hupoteza wasikilizaji wenye bando dogo, hata kama mitambo yake haina kasoro yoyote.

## Historia

### Duniani

Majaribio ya kurusha sauti kwenye intaneti yalianza mapema katika miaka ya 1990. Mwaka 1993 Mmarekani Carl Malamud alianzisha Internet Talk Radio, iliyosambaza vipindi vya mazungumzo kama mafaili ya sauti. Mwaka 1995 kampuni ya Progressive Networks ya Seattle ilitoa RealAudio, programu iliyomwezesha mtu kusikiliza bila kusubiri faili lote lishuke kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuja programu za SHOUTcast na Icecast, ambazo zilimwezesha mtu mwenye kompyuta ya kawaida kuanzisha redio yake mtandaoni.

Kwa muda mrefu video kwenye tovuti zilitegemea programu ya ziada iliyoitwa Flash. Simu nyingi za kisasa hazikuitumia. Mwaka 2009 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa HLS, unaokata matangazo katika vipande vidogo vinavyosafirishwa kama kurasa za kawaida za tovuti. Mwaka 2012 ulipitishwa mfumo unaofanana nao, DASH, kuwa kiwango cha kimataifa. Flash yenyewe iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020.

### Nchini Tanzania

Utangazaji wa redio nchini ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, wakati wa utawala wa Waingereza. Baada ya uhuru redio ilikuwa mikononi mwa serikali kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa watu binafsi, na mwaka uliofuata vituo vya Radio One na ITV vilianza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam.

Intaneti ilikuwepo tangu miaka ya 1990, lakini ilipitia kwenye setelaiti, ikawa ghali na ya polepole. Hali ilianza kubadilika mwezi Julai 2009 mkebo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, ukifuatiwa mwaka 2010 na mkebo wa EASSy. Katika kipindi hichohicho serikali ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mtandao wa nyaya za nyuzinyuzi unaoiunganisha mikoa, na Mwanza ikawa kituo muhimu cha njia za kuelekea nchi jirani.

Simu janja zilipoenea katika miaka ya 2010, vituo vilianza kutumia YouTube, Facebook na Instagram. Facebook iliruhusu urushaji mubashara kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2016. Kikazuka kizazi kipya cha vyombo vinavyoitwa kwa kawaida "TV za mtandaoni", ambavyo havina mnara wala masafa.

### Mwanza na kandokando ya ziwa

Kampuni ya Sahara ilianzisha Radio Free Africa mjini Mwanza katika miaka ya 1990, kisha ikaongeza Kiss FM na Star TV. Hatua hiyo ilibadilisha desturi ya habari zote za taifa kutoka Dar es Salaam, mji ulio umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichopo Malimbe, nje kidogo ya jiji, kinafundisha mawasiliano ya umma na kina redio yake, Radio SAUT FM. Wahitimu wa chuo hicho wamesambaa katika vyumba vya habari vya nchi nzima.

Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, mji wa Sengerema ulipata mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha mawasiliano cha jamii kilichosaidiwa na mashirika ya kimataifa, likiwemo UNESCO. Chini ya paa moja kulikuwa na kompyuta, intaneti na redio ya jamii. Wazo la kuunganisha vitu hivyo lilikuwa limejaribiwa pia Kothmale nchini Sri Lanka, ambako watangazaji walitafuta majibu ya maswali ya wasikilizaji kwenye intaneti na kuyasoma redioni. Mpangilio huo unafaa mahali ambapo wenye redio ni wengi kuliko wenye intaneti, maana mtandao mmoja wa studioni huwanufaisha maelfu wasio na mtandao.

Mwaka 2013 Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza nchini kuzima mitambo ya televisheni ya analojia na kuhamia dijitali. Wananchi walilazimika kununua ving'amuzi. Wapo walioamua kufuata habari kwa simu badala ya televisheni, na idadi yao iliongezeka kadiri bei ya simu janja ilivyoshuka.

## Jinsi unavyofanya kazi

Safari ya sauti kutoka kwa mtangazaji hadi kwa msikilizaji hupitia hatua tano.

1. Kunasa. Kipaza sauti hugeuza sauti kuwa umeme, na kifaa kilichounganishwa na kompyuta huugeuza umeme huo kuwa tarakimu. Kwa ubora wa diski ya CD, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, kwa njia mbili za kushoto na kulia. Hiyo ni zaidi ya kilobiti 1,411 kwa sekunde.
2. Kubana. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa intaneti ya kawaida. Programu inayoitwa kodeki huondoa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi, hadi ibaki kilobiti 128, 64 au hata 32 kwa sekunde. Kodeki zinazotumika zaidi ni MP3, AAC na Opus. MP3 ilitokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani. Opus, iliyokamilishwa mwaka 2012, ni huru kwa matumizi ya wote na hutoa mazungumzo yanayoeleweka vizuri hata kwa data kidogo sana.
3. Kupeleka kwenye seva. Kompyuta ya studio hutuma mtiririko mmoja tu kwenye seva. Hivyo kituo hakihitaji intaneti kubwa studioni, bali intaneti isiyokatika.
4. Kusambaza. Seva hutoa nakala kwa kila msikilizaji. Vituo vikubwa hukodi mtandao wa seva zilizoenea katika nchi mbalimbali ili msikilizaji ahudumiwe na iliyo karibu naye.
5. Kucheza. Simu ya msikilizaji hupokea data, huweka akiba ya sekunde chache, huifungua na kutoa sauti. Akiba hiyo ndiyo inayoziba pengo mtandao unapoyumba kidogo. Ikiisha kabla ya data mpya kufika, sauti hukwama.

### Ucheleweshaji

Akiba husaidia, lakini husababisha kuchelewa. Katika mfumo wa HLS matangazo hukatwa katika vipande ambavyo mara nyingi huwa na urefu wa sekunde 6, na kicheza sauti huwa nyuma kwa vipande vitatu hivi. Kwa hiyo msikilizaji husikia jambo sekunde 18 au zaidi baada ya kutokea.

Kwa kipindi cha mapishi hilo halina athari. Kwa mpira wa miguu linaonekana mara moja. Mechi ikichezwa kwenye uwanja wa CCM Kirumba, mwenye redio ya FM hushangilia bao wakati jirani yake anayesikiliza kwa simu bado anasubiri kona ipigwe. Ipo teknolojia ya WebRTC, inayotumiwa kwa mikutano ya video, ambayo huchelewa chini ya sekunde moja. Hata hivyo ni ghali zaidi kuihudumia kwa watu wengi, na hukwama upesi mtandao ukiwa dhaifu, kwa kuwa akiba yake ni ndogo.

## Zana za watengenezaji

Sehemu kubwa ya zana za utangazaji wa mtandaoni ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuurekebisha bila malipo. Hilo lina uzito kwa vituo vidogo, kwa sababu mitambo ya aina hiyo ikinunuliwa kwa kampuni hugharimu fedha nyingi.

* Icecast ni programu ya seva inayopokea mtiririko mmoja wa sauti na kuusambaza kwa wengi. Huendeshwa vizuri hata kwenye kompyuta ya zamani yenye mfumo wa Linux.
* FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, hubadilisha sauti na video kutoka umbo moja kwenda jingine. Huduma nyingi za video duniani hutumia msimbo wake kwa namna moja au nyingine.
* OBS Studio, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2012, huchanganya kamera, maandishi na sauti na kuvirusha YouTube, Facebook au kwenye seva ya kituo. Kwa kompyuta moja na kamera moja inaweza kufanya sehemu ya kazi ya chumba cha kuongozea matangazo ya televisheni.
* Liquidsoap ni lugha ya programu iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya redio. Mtengenezaji huandika kanuni, kwa mfano kwamba usiku zipigwe nyimbo zilizopangwa, na mtiririko wa studio ukikatika, muziki wa akiba uanze mara moja badala ya kimya.
* VLC ni kicheza sauti na video kilichotokana na mradi wa wanafunzi wa Ufaransa. Mafundi hukitumia kupima kama mtiririko unafika.

Kwa upande wa tovuti, lugha ya HTML katika toleo lake la tano ina elementi za audio na video, ambazo huwezesha kivinjari kucheza matangazo bila programu ya ziada. JavaScript hutumika kuongeza vitu kama jina la wimbo unaopigwa, ratiba ya vipindi na mazungumzo ya wasikilizaji. Maktaba ya hls.js husaidia vivinjari visivyoielewa HLS kwa vyenyewe. Tovuti za vituo vingi hujengwa kwa WordPress, mfumo ulioandikwa kwa lugha ya PHP. Watengenezaji wanaofanya kazi kwa pamoja hutunza msimbo wao kwa Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ili kila badiliko lijulikane limefanywa na nani na liweze kurudishwa nyuma.

Suala ambalo hujadiliwa sana kati ya watengenezaji ni kama kituo kijenge mfumo wake au kitegemee majukwaa ya kigeni kama YouTube. Jukwaa la kigeni hulipa gharama ya kusambaza data, huleta watazamaji wapya na huweza kugawana mapato ya matangazo ya biashara. Lakini ndilo linaloamua video gani ifutwe na nani aonyeshwe nini, na akaunti ikifungwa kumbukumbu za miaka mingi huweza kupotea. Mfumo wa kituo chenyewe huleta uhuru, ila kila msikilizaji anayeongezeka ni gharama. Kwa sababu hiyo, vituo vingi huchanganya njia mbili: sauti kwenye seva yao, video kwenye majukwaa.

## Hesabu ya data

Kiasi cha data kinachotumika hupatikana kwa kuzidisha kasi ya mtiririko kwa idadi ya sekunde, kisha kugawanya kwa 8, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. Kwa mfano, kilobiti 64 kwa sekunde mara sekunde 3,600 ni kilobiti 230,400. Ukigawanya kwa 8 unapata kilobaiti 28,800, yaani megabaiti 28.8 kwa saa.

| Aina ya matangazo | Kasi (kilobiti kwa sekunde) | Msikilizaji 1 kwa saa 1 | Wasikilizaji 1,000 kwa saa 1 |
|---|---|---|---|
| Mazungumzo | 32 | MB 14.4 | GB 14.4 |
| Redio ya kawaida | 64 | MB 28.8 | GB 28.8 |
| Muziki wa ubora mzuri | 128 | MB 57.6 | GB 57.6 |
| Video ndogo | 500 | MB 225 | GB 225 |
| Video ya wastani | 1,500 | MB 675 | GB 675 |

Mtu anayesikiliza redio ya kilobiti 64 kwa saa 4 kila siku hutumia karibu gigabaiti 3.5 kwa siku 30. Kituo kikishusha kasi hadi kilobiti 32 kwa kodeki nzuri, matumizi hayo hupungua kwa nusu, na mazungumzo bado yanaeleweka. Njia inayopendekezwa ni kutoa mitiririko miwili au mitatu ya kasi tofauti na kumwachia msikilizaji achague, au kuruhusu mfumo wa HLS ubadilishe wenyewe kulingana na nguvu ya mtandao.

Mahali seva ilipo pia ni jambo la kuangaliwa. Kipindi kinachorushwa Mwanza na kusikilizwa Mwanza kinaweza kusafiri hadi Ulaya na kurudi, ikiwa seva iliyokodiwa iko huko. Vituo vya kubadilishana data, kama kile cha Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 2004, huwezesha kampuni za intaneti kupeana data hapahapa nchini, ila faida yake hupatikana pale tu seva yenyewe inapokuwa nchini.

## Sheria na leseni

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, husimamia utangazaji na mawasiliano, na sheria kuu ya sekta ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Mwezi Machi 2018 zilitangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu, redio na televisheni za mtandaoni kuwa na leseni. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000, na ada ya kila mwaka shilingi 1,000,000. Adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Watetezi wa haki na wanablogu walikwenda Mahakama Kuu, Mtwara, ambayo ilisimamisha utekelezaji kwa muda mwezi Mei, lakini zuio hilo likaondolewa mwishoni mwa mwezi huohuo. Mwezi Juni 2018 jukwaa la JamiiForums lilisimamisha huduma zake kwa muda, na wanablogu kadhaa waliacha kuandika.

Serikali ilieleza kuwa kanuni zilihitajika ili kuzuia uongo, matusi na uchochezi. Wakosoaji walisema ada hizo zilikuwa kubwa mno kwa kijana anayeanza na simu moja, na kwamba zilibana uhuru wa maoni. Kanuni mpya zilitolewa mwaka 2020, na marekebisho ya baadaye yalipunguza ada na aina za wanaotakiwa kuwa na leseni. Mwaka 2019 Kwanza TV, televisheni ya mtandaoni, ilifungiwa miezi sita kwa madai ya kukiuka kanuni hizo.

Haki za muziki na za michezo huangaliwa kipekee. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi hata wimbo wake unapopigwa mtandaoni. Vilevile picha za Ligi Kuu ya Tanzania Bara zina mwenye haki: mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10. Anayeelekeza simu yake uwanjani na kurusha mechi mubashara huenda akavunja haki hizo bila kujua.

## Lugha na maudhui

Redio na televisheni za Tanzania hutangaza hasa kwa Kiswahili na Kiingereza. Intaneti imefungua nafasi kwa lugha nyingine. Nyimbo za Kisukuma, zikiwemo za waimbaji wa ngoma za jadi, zinapatikana kwa wingi YouTube na hutazamwa hata na Wasukuma walioko mbali na kwao. Kwa wasio na bando, nyimbo hizohizo huwafikia kupitia vibanda vya kuingiza miziki kwenye memori kadi.

Kwa upande wa watengenezaji, maelekezo mengi ya zana yameandikwa kwa Kiingereza. Istilahi kama *seva*, *kivinjari*, *msimbo* na *mtiririko* zimekubalika, ilhali nyingine bado zinatajwa kwa namna tofauti na watu tofauti. Mwanafunzi aliyesoma Kiswahili katika shule ya msingi hukutana na vikwazo viwili kwa pamoja: kujifunza kuandika programu na kujifunza lugha inayofundishia.

## Changamoto

* Mtandao visiwani. Wilaya ya Ukerewe na visiwa vidogo vinavyoizunguka hutegemea minara michache ya simu. Mvuvi aliyeko mbali ziwani anaweza kupata FM au masafa ya kati mahali ambapo simu haina mtandao. Tahadhari za upepo na dhoruba zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa haziwezi kuachiwa intaneti peke yake.
* Kukatika kwa mikebo. Tarehe 12 Mei 2024 mikebo ya EASSy na SEACOM iliharibika baharini kwa wakati mmoja, na intaneti ikadhoofika sana nchini Tanzania na kwa majirani. Redio za FM ziliendelea kusikika.
* Kuzuiwa kwa intaneti. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020 mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa, na kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Kituo kisicho na masafa yake hakina njia nyingine ya kuwafikia watu katika hali hiyo.
* Umeme. Simu, kompyuta ya studio na mnara wa simu vyote huhitaji umeme. Redio ndogo hutumia betri mbili kwa siku nyingi.
* Mapato. Watangazaji wa biashara wa mjini hulipia zaidi video zenye watazamaji wengi, hivyo vituo hushawishika kutafuta vichwa vya habari vya kuvutia kuliko habari za mashamba, uvuvi na halmashauri.

Kwa sababu hizo utangazaji wa mtandaoni mkoani Mwanza haujachukua nafasi ya mawimbi. Njia hizo mbili hutumika pamoja: mawimbi kwa walio karibu, wasio na bando na wakati wa dharura; intaneti kwa walio mbali, kwa kumbukumbu na kwa wale wanaotaka kuchagua saa ya kusikiliza. Kituo kinachojipanga upya huanza kwa kuuliza wasikilizaji wake ni akina nani na wanatumia kifaa gani, ndipo kichague kodeki, kasi na seva.

## Tazama pia

* Redio
* Televisheni
* Intaneti
* Programu huria
* Mkoa wa Mwanza
* Ziwa Victoria